Kisigino Kisinyanyuke

Anayemkumbuka Mwalimu wetu wa kwaya atamkumbuka akiwa ameketi. Kwaya nyingine za Eastlands, Nairobi, zilikuwa na walimu wa kurukaruka, mikono hewani, tai imegeukia mgongoni kwa jasho. Wetu aliongoza akiwa juu ya stuli nyuma ya kinanda, magoti ameyabana kama bibi harusi. Alipotaka soprano waingie aliinua kidevu, na alipotaka tushushe sauti alifumba macho. Wageni walidhani ana ugonjwa wa miguu. Mama mmoja wa kanisa jirani aliwahi kumletea mafuta ya kuchua, naye akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuyapaka kwenye bawaba za mlango wake.

Miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Tulikuwa majirani, mlango ukitazamana na mlango katika nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, na kila asubuhi nilimwona akienda kazini. Alikuwa karani huko huko kanjo. Alitembea hadi mjini kwa sababu, alisema, ndani ya magari kila dereva ana muziki wake na hakuna anayekuuliza kama unautaka. Alikuwa na viatu vyeusi alivyovipiga rangi hadi ungeweza kujitazama meno ndani yake. Mtu asiye na miguu haviangalii viatu vyake hivyo.

Muziki ukianza tu, Mwalimu alikaa. Ukiisha, alisimama. Ilichukua muda mrefu hadi nikaelewa kwamba ile ilikuwa aibu, tena aibu kubwa kupita zote nilizowahi kuziona mtu akitembea nazo.

Kwanza niseme habari ya visigino. Kanisa letu lilikuwa la watu waliookoka sana, na sheria yake moja haikuandikwa popote lakini tuliijua kuliko zile kumi. Mwimbaji aliruhusiwa kuyumba. Kucheza, hapana. Sasa mpaka kati ya kuyumba na kucheza uko wapi? Wazee walikaa wakaujadili, na wakakubaliana kwamba mpaka ni kisigino. Yumba utakavyo, bora kisigino kisinyanyuke. Mzee Mwenyekiti, aliyekuwa amestaafu kazi ya reli, alikaa mstari wa mbele kila Jumapili, na tulipoimba hakututazama nyuso. Alitazama viatu.

Mimi nina visigino vibaya. Wazazi wangu ni watu wa Ukambani, na bibi zangu walikuwa wakirushwa na ngoma juu kabla mtu hajafikiria kutujengea kanisa, kwa hiyo sijui nani angetarajia miguu yangu itulie. Siku moja, katikati ya pambio, Mzee Mwenyekiti aliinua fimbo yake, wimbo wote ukakatika, akasema kwa upole kabisa: "Dada wa pili kutoka kushoto. Shusha." Kanisa zima likatazama miguu yangu. Nilitamani ardhi ipasuke, na mpaka leo nikipita mbele ya watu waliokaa kwenye mistari, shingo yangu hupata moto.

Baada ya ibada Mwalimu aliniita. Hakuwa akituita majina, alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Alto.

"Alto," akasema, "haya unavaa mwenyewe. Aibu unavalishwa. Si lazima uivae kila unapoletewa."

Nilidhani hayo ni maneno ya mtu mwenye uhuru wake. Sikujua alikuwa akinipa dawa ambayo yeye mwenyewe ilimshinda kumeza.

Kinanda cha umeme kilinunuliwa na kanisa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kilikuwa na vitufe vya kila namna: kimoja cha filimbi, kimoja cha fidla, na safu nzima ya midundo iliyojipiga yenyewe ukibonyeza. Kwa sababu ya wezi, wazee walikubali Mwalimu akae nacho nyumbani Jumatatu hadi Jumamosi. Walidhani anafanyia mazoezi nyimbo za kitabuni, na kweli alizifanyia, saa za jioni, mlango wazi. Hizo nyingine, za kutunga mwenyewe, alizifanyia Jumamosi mchana, mlango umefungwa.

Mara ya kwanza tulipozisikia, mtaa ulikimbia. Mama yangu alikuwa akipiga pasi. Ghafla ukuta ukaanza kuguruma, mngurumo wa chini sana usio na mwanzo wala mwisho, ukasikika hadi kwenye meno. Mama akachomoa pasi, akatoka akipiga kelele kwamba transfoma inalipuka. Wanawake wakatoka na watoto mgongoni. Baba mmoja alitoka na televisheni yake ameifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Tukasimama wote pale kona, tukaitazama transfoma juu ya milingoti yake, nayo imetulia, njiwa wawili juu yake.

Kisha ndani ya ule mngurumo ukaingia mdundo, taratibu, mzito, kama mtu anayetembea ghorofani bila haraka. Mama alikunja uso, akasikiliza. "Transfoma haipigi ngoma," akasema.

Mlango wa Mwalimu ukafunguka. Alikuwa na kiberiti mkononi. Akatuuliza kama kuna jambo, nasi tukarudi ndani mmoja mmoja. Tangu siku ile Mama, ambaye umeme kwake ulikuwa stima, aliuita muziki ule stima ya Mwalimu. Alilalamika juu yake kwa kila mtu, lakini niliona kwamba Jumamosi mchana alianza kuchelewesha kupiga pasi hadi stima iwake. Alisema nguo zinanyooka vizuri hiyo kitu ikilia.

Kiberiti kilikuwa cha kazi. Alikuwa akibonyeza sauti mbili tatu za chini kabisa, halafu anachomeka njiti pembeni mwa kila kibonyezo ili kisirudi juu. Sauti ingeendelea kulia hata mwezi mzima kama stima isingepotea. Kisha alibonyeza mdundo, akaurudisha nyuma hadi ukawa wa polepole kupita kiasi. Mdundo ambao kiwandani waliutengeneza kwa ajili ya disko, yeye aliufanya wa kutembeza jeneza. Na baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Kinanda kilijipiga chenyewe. Lakini hakuinuka. Alikaa pale, mikono juu ya magoti. Nilipomuuliza siku moja kwa nini anakilinda na hakuna anayekiiba, akanijibu, "Nikisimama nitafanya nini?"

Kulikuwa na kitu kingine chini ya sauti zile, na hicho kilitoka kwenye redio ndogo ya kaseti. Hapo ndipo penye habari ya betri. Sisi wengine betri zikichoka tulikuwa tukizianika juani ukutani, zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari. Mwalimu alipita akituomba hizo hizo zilizochoka. Akina mama wa kanisa waliposikia kwamba karani mzima wa kanjo anaomba betri zilizokufa, roho ziliwauma. Wakasema huyu mjane ameanza kupotea. Wakachangishana, wakamnunulia betri mpya, wakazileta kwa wimbo na maombi, zimefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili. Kesho yake kila nyumba kwenye safu yetu ilikuwa na betri mpya, naye akaenda zake na zetu za zamani.

Alizitaka zilizochoka kwa sababu betri ikichoka kaseti huburuta. Sauti ya mwanamke inazama inakuwa ya mwanamume, kisha inazama zaidi inakuwa si ya mtu tena, inakuwa kama upepo kwenye tangi tupu la maji. Hiyo ndiyo sauti aliyoitaka. Sikuuliza ni kaseti ya nani.

Alikuwa na ukali wake kuhusu maneno. Vijana walizoea kusema wanacheza kinanda, naye aliwasimamisha barabarani. "Kinanda hupigwa. Anayecheza ni mwili." Na mdundo hakuuita mdundo. Aliuita miguu. "Weka miguu," "toa miguu," "hapa miguu inakimbia." Mara moja nilimchokoza, nikamwambia kwamba kwa mtu asiyetaka watu wacheze, anapenda miguu sana. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia kila siku kwamba nia yake ni kutunga muziki wa msiba usiochezeka.

"Nimejaribu bila miguu," akasema. "Unalala chini. Na marehemu ataendaje bila miguu?"

Huko kwao Magharibi, ngoma za msiba zina kazi hiyo. Zinamsindikiza mtu. Mimi naamini alikuwa mtu aliyeketi kati ya mambo mawili hayo, kwamba bila miguu marehemu haendi, na kwamba miguu ikishawekwa, ya walio hai nayo haitulii. Alipatafuta mahali katikati pasipokuwepo. Ni kama zile sheria za kisigino, isipokuwa yeye alijitungia mwenyewe na akaziamini kuliko wazee.

Kilichomkalisha nilikisikia kwa binti yake, tukifua nguo bombani. Mama yake alikuwa amefariki kabla kinanda hakijanunuliwa, wakampeleka nyumbani Magharibi kumzika. Kanisa letu lilikodi basi. Asubuhi ya mazishi, kabla mchungaji hajafungua Biblia, wapiga ngoma wa ukoo waliingia uani. Mwalimu alikuwa amevaa suti nyeusi, amesimama kando ya jeneza na wazee wa Nairobi. Ngoma zilipolia, akaenda. Binti yake alisema hakwenda kama mtu aliyeamua, alikwenda kama mtu aliyeitwa. Alizunguka kaburi akicheza, mabega, magoti, koti likipepea, visigino havigusi ardhi, na wanawake wa kwao wakipiga vigelegele kwa sababu hivyo ndivyo mume anavyomuaga mke. Wale wa basi walisimama wakitazama viatu vyake.

Binti alikuwa msichana wa sekondari, mwimbaji wa kwaya, mwenye rafiki zake ndani ya basi. Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Baba yake alipompita, akamwambia kutoka ndani ya viganja: "Baba, unatuaibisha."

Alisema Mwalimu alisimama na mguu mmoja hewani. Kisha akaushusha, akaenda kukaa kwenye kiti. Ngoma zikaendelea bila yeye. Binti alinisimulia hayo yote akikamua shuka, hakunitazama, na nilipomwambia alikuwa mtoto tu, akasema, "Lakini alikaa. Na hajainuka." Basi nikaelewa kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wawili wenye aibu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, na kati yao kinanda kikinguruma.

Na hapo ikaja ile Jumapili ya ukumbini. Nyuma ya nyumba zetu aliishi kijana dijei, aliyekuwa akipiga disko la mchana kwenye ukumbi wa jamii, saa ambazo wazazi wetu walitudhania tuko salama kwa sababu jua limewaka. Kijana huyo alifiwa na kaka yake. Mwalimu alikwenda kumpa pole, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, akamwachia kaseti ya muziki wake, aliourekodi mwenyewe. Alimaanisha kijana aketi nao chumbani, aomboleze. Dijei naye aliomboleza kwa namna aliyoijua. Kaka yake alikuwa mchezaji ambaye kumbi zote kutoka Baba Dogo hadi kwetu zilimjua. "Bro wangu angeikatikia hii vibaya sana," alituambia kwenye kipaza sauti, na akaiwasha kwenye spika kubwa.

Nilikuwepo. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mngurumo ule ulipoanza watu walidhani spika zimeharibika, wakaanza kupiga mbinja. Kisha miguu ikaingia, ile ya polepole, na ukumbi wote ukashuka pamoja. Sijawahi kuona watu wakicheza hivyo, bila kutazamana, kila mtu kichwa chini, kama tunakanyaga udongo wa kujengea. Vijana waliuita muziki ule Blakauti, kama stima ikipotea, kuanzia siku hiyo. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa mlangoni. Alikuwa akipita kutoka kanisani, Biblia kwapani. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na Biblia ikaanguka, hakuiokota. Visigino vyake vilikuwa chini kana kwamba vimepigiliwa misumari.

Kesho yake alinikuta bombani. Akaweka ndoo chini.

"Uliwaona?"

"Niliwaona, Mwalimu."

"Visigino?"

"Vilinyanyuka. Vyote."

"Hata vyako?"

Nikasema hata vyangu. Akafungua bomba, akaiacha ndoo ijae hadi ikamwagika. Kisha akaniuliza kama ile sauti ya chini kabisa, ile kama upepo, najua ni ya nani. Ilikuwa ya mke wake. Ilikuwa kaseti ya kwaya ya zamani, na mke wake ndiye aliyeimba peke yake ubeti mmoja. Alikuwa alto, kama mimi.

Sikujua niweke wapi uso wangu. Tulikuwa tumecheza juu ya sauti ya mwanamke aliyekufa, mamia yetu, tukitokwa na jasho. Nikaanza kuomba msamaha, naye akanikatiza kwa mkono. Akasema kabla hajaokoka, mke wake alipenda sana kucheza. Akacheka kidogo, cheko la kweli, la mtu aliyemwona mtu anayempenda akipita kwa mbali. Halafu akaona haya kwa kucheka. Akabeba ndoo yake akaingia ndani.

Miaka ile ilikuwa ya hofu ya shetani. Magazeti, mahubiri, shule, kila mahali watu walikuwa wakiwatafuta waabudu shetani, na aliyevaa pete kubwa aliulizwa maswali. Habari ya karani anayewacheleweshea wafu sauti zao kwa betri zilizochoka haikuhitaji kusukumwa. Wazee wakaja Jumamosi mchana, Mzee Mwenyekiti na wenzake wawili. Mimi na Mama tulikuwa mlangoni kwetu tukichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Mlango wa Mwalimu walikuwa wameuacha wazi, ili wasionekane wamefungiwa na jambo hilo.

Binti aliwapa chai. Mzee Mwenyekiti akasema piga hicho kitu tusikie. Mwalimu akachomeka njiti zake, akawasha kaseti, akaweka miguu, kisha akakaa akitazama sakafu.

Tulikisikia kikombe kabla hatujakiona. Kilikuwa juu ya goti la Mzee Mwenyekiti, na kilikuwa kikilia kwenye sahani yake, taratibu, sawasawa na mdundo. Watu wote waligeuka. Mzee akakitazama kikombe, akakiweka chini. Goti likaendelea bila kikombe. Akaliwekea mkono juu, na sasa mkono nao ukawa unapanda na kushuka. Mama aliingiza uso ndani ya ungo.

"Hii kitu iko ndani ya sakafu," Mzee Mwenyekiti akasema, akainuka, na wakaanza kukemea pepo.

Kinanda kilitoka alasiri ile, wanaume watatu wamekishika, kitu ambacho Mwalimu alikuwa akikibeba kwapani. Kabla hawajakichukua aliomba ruhusa, akachomoa njiti moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye kiberiti. Kwaya ikapewa mwalimu mwingine, wa kurukaruka. Mzee Mwenyekiti hakumtazama Mwalimu usoni tena, na mimi nina hakika haikuwa kwa sababu ya shetani, ilikuwa kwa sababu ya goti. Lakini neno lililobaki ndani ya nyumba ile halikuwa la mzee. Binti, akiwa bado ameshika birika, alisema: "Baba, nilikuambia."

Baadaye aliolewa, akahamia mtaa wa Fedha, kwa watu wenye mazulia. Kule alimtaja baba yake kama karani mstaafu, basi. Alikuja kumwona sikukuu kwa sikukuu, na akija redio ilizimwa.

Mwalimu alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Alinunua kinanda kidogo kwa yule yule dijei, chenye vibonyezo vilivyokufa, na watu wakaanza kumwita kwenye misiba chinichini, wale ambao nyimbo za kitabuni hazikuwatosha. Hakuitisha chochote zaidi ya betri zao za zamani. Ila sasa alipiga bila miguu. Nilimfuata mara kadhaa. Mngurumo ulikuwa ule ule, na ile sauti ya upepo, lakini watu walikaa kama mawe na msiba ukakaa nao. Nilimuuliza miguu iko wapi. Akasema ameirudisha kwa wenyewe.

Mama yangu alifariki baada ya zile mvua kubwa zilizobomoa barabara. Alipokuwa hospitali alikuwa amenipa maagizo, na mengi yalihusu masufuria. Moja lilikuwa hili: "Nikikufa, Mwalimu akuje na ile stima yake." Nikavuka ule ua mdogo kati ya milango yetu, nikamwambia. Mwalimu alikuwa amezeeka, nywele zote majivu. Alisema atakuja, heshima kwa Mama, lakini bila miguu.

"Mama alisema stima," nikamwambia. "Ile aliyoijua yeye ilikuwa inapiga ngoma."

Akauliza kama Mzee Mwenyekiti atakuwepo. Nikasema atakuwepo. Kisha akauliza lile alilotaka kuuliza tangu mwanzo. Nikamwambia binti yake atakuja pia. Mama ndiye aliyekuwa akimsuka nywele baada ya mama yake kufariki, angekosaje kuja?

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulifunga turubai katikati ya nyumba, tukapanga viti vya plastiki. Binti alifika na mume wake na akina mama wa kanisa la Fedha, amevaa nguo nyeusi nzuri na viatu vya kamba, akakaa mstari wa pili. Mzee Mwenyekiti aliletwa akiwa ameshikwa mkono, akakaa wa mbele. Mwalimu akaketi kwenye stuli yake. Njiti, kaseti, betri zilizochoka. Mngurumo ulipoanza, wazee wa safu yetu, bila kuambiana, waligeuka wakaitazama transfoma. Kisha wakatazamana, wakacheka huku machozi yanawatoka, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu Mama alipofariki.

Mwalimu akaniita, nikachuchumaa kando yake. Kidole chake kilikuwa juu ya kile kitufe cha miguu.

"Alto," akasema. "Nimpe miguu?"

Nilimwona Mzee Mwenyekiti ameinamisha kichwa kuelekea viatu vya watu. Niliwaona akina mama wa Fedha. Shingo yangu ikapata moto ule ule wa zamani.

"Mpe, Mwalimu," nikasema. "Ukambani ni mbali."

Akabonyeza. Hakuna aliyesogea. Nikainuka kwa sababu ilikuwa zamu yangu kuinuka, mtoto wa marehemu, na nikacheza mbele ya watu hao wote mchana kweupe, peke yangu, visigino juu, na sitadanganya kwamba aibu iliniondoka. Nilicheza nayo. Ilikuwa ndefu, ile peke yangu. Kisha nikasikia stuli ikikwaruza.

Kinanda kilikuwa kinajipiga chenyewe, kama siku zote. Mwalimu alikuwa amesimama. Alisimama hivyo kwa muda, mikono haijui pa kwenda, kisha akainua mguu mmoja, akaushikilia hewani kama mtu anayekumbuka alipoachia, na akaendelea. Hakucheza vizuri. Magoti yalikuwa ya mzee. Koti lake lilipepea kidogo tu. Ile sauti ya upepo ilikuwa ikiimba ubeti wake chini yetu, na yeye akaizunguka stuli kama wanavyozunguka kwao.

Nikageuka kumtafuta binti yake. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili, viganja vimekaza, kama alivyonisimulia bombani. Nilitaka kwenda kumtoa mikono ile. Nilishindwa, si kazi ya mtu kumvua mwenzake aibu yake. Basi nikafanya kama Mzee Mwenyekiti alivyotufundisha, sikutazama uso, nikatazama viatu. Chini ya kiti cha plastiki, kwenye vumbi, kisigino chake kilikuwa kimenyanyuka.